Mcheza Kwao Hutunzwa

Wako vijana wengi katika shule zetu ambao ukiwauliza ni nani aliyetwaa ubingwa wa Uingereza mwaka fulani, watakujibu kabla hujamaliza swali. Watakutajia wafungaji wa mabao, na wengine watakutajia hata dakika. Lakini waulize ni nani aliyekuwa bingwa wa kwanza wa Kenya, nao watatazamana, kisha mmoja wao atacheka na kusema kuwa ligi yetu haina historia. Nimeandika kurasa hizi ili kulipinga cheko hilo. Nasema kuwa ligi yetu ina historia, tena ina fahari na fedheha pamoja. Na nasema kuwa kila anayeidharau huwasaidia wale wanaoiharibu.

Bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars. Ligi ya taifa ilianza mwaka wa 1963, mwaka ule ule tuliopata uhuru. Mwaka wa 1964 ubingwa ulichukuliwa na Luo Union, na mwaka wa 1965 ukateremka hadi pwani kwa Feisal ya Mombasa. Wala mpira haukuanza hapo. Tangu mwaka wa 1926 Kenya na Uganda zilikuwa zikishindania Kombe la Gossage, na mshindi wa kwanza wa kombe hilo alikuwa Kenya. Basi yule asemaye kuwa hatuna historia, hakosi historia, akosa kusoma.

Mwaka wa 1968 klabu ya Gor Mahia iliundwa, na mwaka huo huo ikawa bingwa. Mwaka wa 1976 ilimaliza ligi bila kushindwa hata mchezo mmoja, na mwaka wa 2015 ikafanya hivyo tena. Mpinzani wake mkuu, Abaluhya, iliyozaliwa mwaka wa 1964 na ambayo leo huitwa AFC Leopards, haikukubali kuachwa nyuma. Kuanzia mwaka wa 1979 hadi mwaka wa 1985, miaka saba mfululizo, kombe la vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati halikutoka mikononi mwa vilabu hivi viwili: Leopards mara nne, Gor Mahia mara tatu. Timu ya taifa nayo ilitwaa Kombe la Chalenji mwaka wa 1981, 1982 na 1983. Hizo ndizo siku ambazo jirani zetu walipokuja Nairobi walikuja kwa adabu.

Kilele kilifikiwa mwaka wa 1987. Gor Mahia, waliokuwa wamefika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka wa 1979 na kushindwa na Canon ya Yaoundé, walifika tena, safari hii wakikutana na Espérance ya Tunis. Huko Tunis walitoka sare ya mabao mawili kwa mawili. Mchezo wa marudiano ulikuwa katika uwanja wa Kasarani, nao ukaisha bao moja kwa moja. Kwa kuwa mabao ya ugenini yalikuwa na uzito zaidi, kombe likabaki Nairobi. Tangu siku ile hakuna klabu nyingine ya Kenya, Tanzania wala Uganda iliyotwaa kombe la vilabu la bara zima.

Sasa simama hapo, msomaji, uwatazame wale walioshindwa. Espérance walirudi kwao, wakajipanga, na baada ya siku ile wakawa mabingwa wa vilabu vya Afrika mwaka wa 1994, 2011, 2018 na 2019. Mshindwa alipanda ngazi; mshindi alishuka. Je, vipaji vilihama kutoka Kenya vikaenda Tunisia? Au miguu ya watoto wetu ilikauka? La, hasha. Kilichokauka ni uaminifu wa watu wazima.

Tazama mambo yalivyokwenda. Mwaka wa 2003 viongozi wa mpira waligombana hata vilabu vikaunda kampuni yao wenyewe ya kuendesha ligi. Mwaka wa 2004 Shirikisho la Mpira la Dunia, FIFA, liliifungia Kenya. Mwaka wa 2006 likaifungia tena. Mwaka wa 2015 vilabu na chama vilivutana juu ya idadi ya timu, kana kwamba nchi moja yaweza kuwa na ligi kuu mbili. Mwaka wa 2017 kampuni iliyokuwa ikionyesha michezo yetu kwa televisheni ilivunja mkataba na kuondoka. Mwaka wa 2019 mdhamini wa ligi, kampuni ya kamari, alijitoa baada ya kukosana na serikali. Mwaka wa 2020 mdhamini mwingine wa kamari akaja, na mwaka uliofuata akaenda zake. Mwezi wa Februari mwaka wa 2022 FIFA ikatufungia mara nyingine, na kifungo hicho hakikuondolewa mpaka mwezi wa Novemba. Mwaka huo Tusker walikuwa mabingwa wa Kenya. Walikimbia, walitoa jasho, wakashinda. Lakini mlango wa Afrika ulikuwa umefungwa, na haki yao ikapotea. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na nyasi hapa ni kijana aliyeamka alfajiri kufanya mazoezi akiwa hajanywa hata chai.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza atasema: mpira wetu ni duni, hautazamiki. Huyo namkumbusha mwezi wa Agosti mwaka wa 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa pamoja mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Katika mashindano hayo haruhusiwi mchezaji anayelipwa ng'ambo. Kila nchi hupimwa kwa ligi yake yenyewe. Kenya iliwekwa kundi moja na Morocco, Kongo, Angola na Zambia. Iliwashinda Kongo, Morocco na Zambia, ikatoka sare na Angola, ikaongoza kundi. Tulitolewa na Madagascar katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti. Na Morocco je? Walikwenda mpaka mwisho wakatwaa kombe; mchezo mmoja tu walioshindwa katika mashindano yote ni ule waliofungwa na vijana wa ligi hii inayochekwa. Ikiwa ligi iliyopuuzwa yaweza kumwangusha bingwa, ingefanya nini kama ingetunzwa?

Wa pili atasema: vilabu vyetu ni vya kikabila. Kweli, vilabu vikubwa vilizaliwa katika jamaa za watu waliotoka makwao kutafuta kazi mjini, na majina yao yalionyesha hivyo. Lakini serikali ilipoagiza majina ya kikabila yaondolewe, Abaluhya ikawa AFC Leopards, na tangu hapo ligi imepata mabingwa wa namna nyingine kabisa. Mwaka wa 2008 bingwa alikuwa Mathare United, klabu iliyotokana na chama cha vijana kilichoanzishwa mwaka wa 1987 katika mojawapo ya mitaa maskini kabisa ya Nairobi. Vijana hao hawakuulizwa kabila. Waliulizwa kama wako tayari kucheza na kusafisha mtaa wao. Ukabila wa mpira hauponi kwa kuukimbia uwanja. Hupona pale wewe, Mkamba wa Machakos, utakapoishangilia klabu kwa sababu inacheza vizuri.

Wa tatu atasema: viwanjani kuna fujo na hatari. Siku ya tarehe 23 Oktoba mwaka wa 2010, watu saba walikufa katika msongamano kwenye uwanja wa Nyayo, Gor Mahia na Leopards walipokuwa wakutane. Sitalifanya jambo hilo dogo. Watu saba ni misiba saba. Lakini msongamano ni kazi ya milango michache na mipango mibovu kabla ya kuwa kosa la mashabiki. Dawa yake ni kudai milango ipanuliwe na tikiti zihesabiwe. Mtu haihami nyumba kwa sababu paa linavuja, hupanda akaliziba.

Wa nne atasema, na huyu ndiye hatari zaidi: mpira ni mchezo tu, tuwaachie wenyewe. Wenyewe ni nani? Mpira ni mshahara wa mchezaji na karo ya mwanawe. Ni kodi ya wananchi iliyojenga viwanja. Hapa kwetu Machakos, uwanja wa Kenyatta umekuwa nyumbani kwa klabu ya Sofapaka, nayo Sofapaka ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka wa 2009, msimu wake wa kwanza katika ligi kuu. Katika uwanja huo huo, mwezi wa Desemba mwaka wa 2017, Kenya na Zanzibar zilicheza fainali ya Kombe la Chalenji. Zilitoka sare ya mawili kwa mawili, na Kenya ikashinda kwa penalti. Siku hiyo mji huu, ambao wapita njia huuona kama kituo cha kununulia maembe, ulikuwa kitovu cha mpira wa Afrika ya Mashariki. Atakayekuambia hilo ni jambo la mchezo tu, muulize kwa nini basi wakubwa huugombania mpira huo usiku na mchana.

Wakubwa wanapenda usahau wetu. Mtu asiyejua kuwa klabu zake zilitawala kanda hii miaka saba hawezi kuuliza ni nani aliyezipoteza. Kumbukumbu zetu tumeziacha zikae katika sauti. Wazee wetu humkumbuka Joe Kadenge kwa msemo wa "Kadenge na mpira", uliovuma kwa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela. Kadenge alifariki mwaka wa 2019, na Mbotela mwaka wa 2025. Sauti hufa na mwenye sauti, maandishi hubaki. Vijana wetu huyajua ya Uingereza kwa sababu Waingereza wameyaandika na kuyatunza, mchezo kwa mchezo, si kwa sababu mabao yao ni matamu kuliko yetu. Wazee walionya: usisafirie nyota ya mwenzio.

Basi nakudai mambo matatu, kijana unayesoma. Kwanza, nenda uwanjani, na ulipe kiingilio. Fedha ya langoni haina deni kwa kampuni ya kamari. Shilingi unayoweka katika kamari juu ya ligi ya ng'ambo haimlishi mchezaji yeyote wa kwenu. Pili, andika. Shule yako na iwe na daftari la michezo yake: tarehe, matokeo, wafungaji. Waendee wazee waliocheza au kutazama zamani, uwasikilize na kuandika. Tatu, dai hesabu. Anza na chama cha michezo cha shuleni: fedha za jezi zilikuwa ngapi, na zilikwenda wapi? Anayezoea kuulizwa akiwa na miaka kumi na saba hataona uchungu kuulizwa akiwa mwenyekiti. Na asiyezoea kuulizwa ndiye atakayeifungia nchi milango kesho.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wachezaji wetu wamecheza kwao tangu mwaka wa 1963. Kutunza ni wajibu wetu sisi tuliokaa kando ya uwanja, na bado hatujautimiza.