Tufundishe kusimama kwanza

Jumapili moja ya mwezi wa tano, hapa Katuba, mdogo wangu aliteremka barabara ya lami juu ya ubao wa magurudumu, ule ambao vijana wanauita skeiti. Mteremko ulikuwa mdogo, lakini ubao ulizidi kushika kasi. Mimi niliyekuwa kando ya njia nikapiga kelele: "Freni! Piga freni!" Naye akanijibu kwa woga: "Yaya, freni iko wapi?" Akajirudisha nyuma, ubao ukachomoka mbele, akaangukia mkono ulionyooka. Mfupa wa kifundo ukavunjika. Mitihani ya mwisho wa mwaka aliiandika kwa mkono wa kushoto.

Nimelifikiri sana swali lake, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Sisi tunasema freni, neno tulilolichukua kwa Wafaransa. Wenzetu wa pwani wanasema breki, walilolichukua kwa Waingereza. Yote mawili ni majina ya kifaa. Baiskeli inacho, pikipiki ya manseba inacho. Hata chukudu za Goma, zilizochongwa kwa mbao, baadhi zina kipande cha mpira wa tairi juu ya gurudumu la nyuma ambacho mwendeshaji hukikanyaga. Skeiti haina kitu. Nilimpa mtoto jina la kifaa ambacho hakikuwepo, wakati alihitaji kitenzi.

Vitenzi hivyo tunavyo. Cha kwanza ni kushuka: kasi ikiwa ndogo, shuka kwa mbele na ukimbie hatua chache, usijirudishe nyuma kamwe. Cha pili ni kuburuza. Geuza mguu wa mbele, vidole vitazame unakokwenda. Kunja goti la mguu huo na uuachie uzito wote. Kisha teremsha mguu wa nyuma pembeni mwa ubao, unyayo ukiwa bapa, upanguse lami kama mtu anayefuta vumbi. Ndipo uongeze uzito, kidogo kidogo. Anayetanguliza kisigino hushtuliwa na lami; anayekanyaga kwa nguvu mara moja huacha mguu nyuma na ubao ukaenda zake. Cha tatu ni kuanguka: chutama ili uwe karibu na ardhi, kunja viwiko, ubingirike kwa bega. Mkono ulionyooka ndio unaovunjika.

Maoni yangu ni haya: mtoto asisukume ubao hata mara moja kwenye mteremko kabla hajaweza kuburuza mguu na kusimama mahali tambarare, pale anapoambiwa. Tunafanya kinyume. Tunamsukuma, tunampigia makofi anapokwenda mbali, na habari ya kusimama tunamwachia aigundue mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba mchezo hufundishwa na maumivu, na kwamba kila mwenye ujuzi alianguka. Ni kweli, alianguka. Lakini kuna kuanguka uwanjani na kuna kuanguka mbele ya gari. Kitintale, mjini Kampala, vijana wamekuwa na uwanja wao wa skeiti tangu 2006. Nairobi ulifunguliwa wa Shangilia mwaka 2013. Huko anayeshindwa kusimama hugonga saruji. Watoto wa mtaa wetu wana barabara tu, pamoja na manseba na malori yanayopita. Kwao, kutojua kusimama kunaweza kuwa kosa la mwisho.

Wengine watauliza jambo hili linahusu nini kitivo cha lugha. Mdogo wangu alijifunza kwa kutazama video za Kiingereza, lugha asiyoielewa. Aliona miguu ikisukuma, akaiga. Maelezo ya jinsi ya kusimama yalipita masikioni kama muziki. Sisi tunajizoeza kutafsiri kila wiki, na tunabishana kuhusu Kiswahili bora na Kiswahili cha Lubumbashi. Hapa kuna kazi ya kweli: maagizo kumi mafupi, kwa maneno ambayo mtoto wa Katuba au Kenya atayaelewa kabla ubao haujafika njia panda. Kipimo chake si kamusi. Ni mguu: ukisema neno na mguu ukafanya, neno hilo ni sahihi.

Mkono wa mdogo wangu umepona. Amerudi kwenye ubao, na sikumkataza. Kila Jumamosi tunakwenda mahali tambarare, namwambia "buruta", kwa sababu ndivyo yeye anavyosema, si "buruza" yangu. Anakunja goti, anapangusa lami, anasimama. Mteremko utasubiri.