Mzee wa nanga na kibao cha "Kimya"

UPEPO WA ZIWA
Na Leokadia Mabula

Mvua ya Novemba ilitukusanya watu kama ishirini kwenye baraza ya maktaba moja mjini. Walikuwapo wanafunzi waliotoka kunyoosha miguu, mama muuza karanga na beseni lake, bodaboda wawili waliolowa chapachapa, na mzee mmoja aliyekumbatia mfuko mrefu wa salfeti.

"Babu, humo umebeba nini?" kijana mmoja akamwuliza.

Mzee hakujibu. Alifungua kamba, akatoa nanga. Kwa asiyeijua: ni ubao uliochimbwa katikati kama mtumbwi mdogo, na uzi mmoja tu umepitishwa kwenda na kurudi, kutoka pembe hii hadi ile, mpaka ukawa nyuzi kadhaa. Akaiweka mapajani, akaukaza uzi taratibu, akisikiliza kila anapovuta kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akaimba kwa Kikerewe. Sikuelewa zaidi ya nusu. Mama wa karanga alielewa yote, akawa anatutafsiria huku akicheka hadi kufuta machozi: ni habari za mvuvi aliyetegua nyavu za jirani usiku, akakuta ametegua za baba mkwe wake. Wanafunzi waliokuwa ndani wakaanza kutoka mmoja mmoja, kalamu bado mkononi. Binti mmoja alikaa sakafuni kabisa, na sare yake ya shule, karibu na goti la mzee, macho yake hayabanduki kwenye vidole vile.

Haikupita robo saa, mlinzi akaja. Alisema kwa heshima zote. "Babu yangu, samahani sana. Hapa ni maktaba."

Mzee ndiye aliyeomba radhi. Akairudisha nanga kwenye salfeti, akafunga kamba, tukabaki kusikiliza mvua kwenye bati.

Sitaitaja maktaba hiyo, na mlinzi simlaumu. Alitumwa kulinda ukimya, akaulinda. Ila tangu siku ile neno lake halijanitoka. Hapa ni maktaba! Kama maktaba si mahali pa mzee anayebeba kichwani hadithi ambazo hakuna kabati lililonazo, basi ni mahali pa nini?

Nimerudi kwenye sheria. Huduma ya taifa ya maktaba za umma iliundwa kwa sheria ya 1963, na Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Tarehe ile haikuokotwa tu. Sheria ya 1975 iliyoiunda upya Bodi ya Huduma za Maktaba ikaipa kazi pana kuliko kupanga vitabu: isaidie kampeni za kufuta ujinga, iamshe hamu ya watu kwa fasihi ya Tanzania, iwatie moyo watunzi. Hamu haiamshwi kwa kibao ukutani. Huamshwa na kitu ambacho mtu amekisikia, kikamkaa, akataka kukisikia tena.

Na fikiria mji wetu. Ukitaka kukaa Mwanza saa mbili bila kununua kitu, unakaa wapi? Ufukweni utaletewa soda kabla hujavuta kiti. Hotelini, hali kadhalika. Kanisani na msikitini utakaa, lakini kila mtu na pake. Maktaba ya umma ni mojawapo ya paa chache ambapo mtoto wa Igogo na mtoto wa Capri Point wanaweza kuketi benchi moja, mwenye nacho na asiye nacho. Ndiyo maana ninaposema tufanye usomaji, ngoma, mashairi na filamu za bure kwenye maktaba zetu, siombi msaada kwa maskini. Sanaa ya kanda hii iliumbwa hivyo tangu mwanzo.

Nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye jumba la makumbusho la Wasukuma alilolianzisha Padri David Clement. Kila mwaka baada ya sikukuu ya Ekaristi, mwezi Juni, kuna tamasha la Bulabo, na ndani yake mbina, mashindano ya ngoma. Vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu, vimeshindana tangu enzi za waasisi wao, Ngika na Gumha, watu waliojulikana kwa dawa kama walivyojulikana kwa ngoma. Lakini angalia namna wanavyoshindana. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna jaji mezani anayeandika alama. Mtazamaji ndiye jaji, na kura yake ni miguu yake: akiona ningi wa upande huu, yaani mtunzi na mwimbishaji wao, nyimbo zimemwishia, anaondoka zake kwenda upande wa pili. Ndiyo maana ningi hukesha akitunga. Ndiyo maana wengine huja na nungunungu, wengine na chatu mabegani, na wacheza bugobogobo wanarusha majembe juu na kuyadaka bila kupoteza mdundo.

Sasa zungushia uwanja ule uzio, weka geti, toza kiingilio. Utakuwa umechagua majaji kabla ngoma haijalia. Bibi aliyeijua mbina tangu usichana wake atabaki nje, na ningi atatunga kwa ajili ya walio ndani. Sanaa itabadilika, na haitabadilika kwa uzuri.

Nikija kwenye vitabu, moyo unaniuma zaidi. Ng'ambo ya maji, Ukerewe, aliishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896. Aliandika riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akaimaliza 1945. Kwa Kikerewe hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akiwa mzee na mwenye maradhi ya viungo, na Tanzania Publishing House ikaitoa 1980, ikiwa imechapwa China. Mwaka uliofuata Kitereza akafariki kabla kitabu hakijamfika mkononi. Miaka thelathini na mitano ya kungoja, na hakukishika! Kisiwa hicho hicho kikatupa Euphrase Kezilahabi, aliyeandika Rosa Mistika. Sijui wilaya nyingi Afrika Mashariki zenye deni kubwa hivi la kusomwa.

Buku la Kitereza ni nene. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akilipima kwa mkono analirudisha kabatini. Lakini mwenyewe aliyachota yale yote kwenye masimulizi ya wazee, na kitabu kile ukikisoma kwa sauti kinaamka. Nimewahi kumsomea shangazi yangu pale Myombekere anapomfuata mkewe ukweni na kutozwa pombe ya ndizi kabla ya kurudishiwa. Shangazi hakuwa amepita darasa la pili. Alinikatiza mara sita: kunirekebisha jinsi ndizi zinavyoivishwa, kuwatetea wakwe, kumsema mume. Mwalimu gani wa fasihi amewahi kupata mjadala wa namna hiyo darasani?

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Maktaba ya Mkoa, na maktaba nyingine za mji zenye baraza au uwanja, zitupe saa mbili za Jumamosi alasiri. Sura moja ya Kitereza isomwe kwa sauti. Baadaye nanga, zeze au mashairi. Mlango wazi, hakuna kadi ya mwaliko. Na tafadhali, hakuna mgeni rasmi. Tukimwita mgeni rasmi tutahitaji turubai, viti vya kuvalishwa vitambaa, spika za kukodi na hotuba, na fedha yote itakuwa imekwisha kabla mtu hajaimba.

Najua pingamizi. Wengi wanaojaza meza za maktaba ni watoto waliobeba daftari zao na mitihani iliyopita. Wanatafuta taa na utulivu, vitu ambavyo chumba kimoja cha watu sita hakina. Hao wana haki, na ukimya wao uheshimiwe asubuhi na siku zote za wiki. Nje kuna baraza. Hata wao, siku ile ya mvua, walitoka wenyewe.

Pingamizi la pili ni fedha, nalo nalikubali bila kuzunguka. Neno "bure" limewaumiza wasanii wetu, wanaoitwa kutumbuiza kwa ahadi ya soda. Bure iwe kwa msikilizaji. Mpiga nanga apewe nauli ya kivuko, chakula, na posho inayojulikana kabla hajatoka nyumbani. Jiji na Manispaa ya Ilemela wana maofisa utamaduni. Fungu la saa mbili za Jumamosi halitaangusha bajeti ya halmashauri yoyote. Nairobi wameonyesha njia. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 na kumfungia Mwafrika mlango hadi 1958, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, zinafufuliwa na shirika la Book Bunk lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, na watoto wa mitaa ile wanaingia kusikiliza hadithi, muziki na filamu.

Mvua ilipokatika siku ile nilimsindikiza mzee hadi barabarani. Aliniambia anakaa mbele ya Nansio, na huja mjini Ijumaa kumwona mjukuu wake, hurudi kisiwani Jumatatu. Nanga huja nayo kila safari, kwa sababu mjukuu anaanza kujifunza.

Jumamosi yupo.