Bastola Mbili za Anatahan

Wapo wajuzi wa sinema wasemao kuwa picha ya Anatahan, aliyoitengeneza Josef von Sternberg mwaka 1953, ni hadithi ya mwanamke aliyewaponza wanaume. Kauli hii siikubali hata chembe. Kwanza ni dhuluma. Pili ni uvivu wa kutazama.

Kisa kina asili ya kweli. Mwaka 1944 Wajapani waliozamishiwa vyombo vyao walipanda kisiwa cha Anatahan, katika visiwa vya Mariana, na wengi wao wakakaa huko hata mwaka 1951, wakikataa kusadiki kwamba vita vimekwisha. Katika picha wanamkuta huko Keiko, mchezo wa Akemi Negishi, pamoja na mwanamume mmoja. Tamaa ilikuwapo, wivu ulikuwapo, na tembo la mnazi lilizidisha yote mawili. Lakini mfalme hakuwapo. Ufalme ulizaliwa siku ilipoonekana ndege ya vita iliyoanguka mwituni, zikapatikana bastola mbili. Tangu hapo mwenye bastola alikuwa na Keiko na kisiwa pia, mpaka auawe, naye muuaji akarithi silaha, mwanamke na hofu. Je, Keiko alibadilika siku ile? La. Kilichoongezeka kisiwani ni chuma.

Wengine husema kwamba maumbile ya mwitu ndiyo yaliyowaharibu. Maumbile gani? Mwitu ule Sternberg aliujenga ndani ya jengo mjini Kyoto! Wala watu wale hawakufika wakiwa watupu. Walikuja na vyeo, amri na mazoea ya kumtii mwenye silaha.

Basi uvumi huu umetoka wapi? Umetoka kinywani mwa msimulizi. Wachezaji husema Kijapani, wala hawafasiriwi. Sternberg mwenyewe huwasemea kwa Kiingereza, akijiita "sisi", bila kutuonyesha yeye ni nani miongoni mwao. Husimulia hata mambo ambayo yeyote kati yao hakuyashuhudia. Ni yeye aliyemfananisha Keiko na malkia wa nyuki, na wajuzi wetu wakalipokea neno kama kwamba wameliona kwa macho. Sisi tufundishao lugha yatupasa kushtuka: anayemsemea mtu asiyefasiriwa ana bastola ya tatu. Hata hivyo naisifu picha hii, kwani macho yake ni ya haki kuliko sauti yake.

Madhara ya neno hilo si ya sinema tu. Mwanamke wa kweli wa kisa hiki aliporejea Japani alifanywa tamasha la magazeti, hali waliofyatua risasi walikuwa wengine.

Mwishoni mabaharia wanarudi kwao, na wafu nao wanatokea uwanjani pa ndege, wakipita mmoja mmoja mbele ya Keiko aliyesimama gizani. Msimulizi anakisia tu kwamba hakosi naye alikuwapo. Miaka saba amemsimulia, wala hakumwuliza hata mara moja.