Moto katika nyumba za kupanga: mwenye nyumba naye ajibu

Kila kiangazi kinapoingia, kati ya Juni na Agosti, wakaaji wa Bukavu wanajua kwamba siku si nyingi watasikia makelele ya moto usiku. Nyamugo, Essence, Camp Zaïre: majina ya kartie hizo yamerudi mara nyingi katika habari za nyumba zilizoteketea, hata msikilizaji wa redio hashtuki tena. Asubuhi yake mambo hufuata njia ileile. Lokateri anakaa kando ya barabara juu ya godoro aliloliokoa, watoto wake wamevaa nguo za jirani. Shefu wa kartie anahesabu nyumba. Na swali linaloulizwa ni moja tu: nani aliwasha?

Jibu huwa halikosekani. Mama mmoja aliacha mbabula ndani. Mwanafunzi alilala mshumaa ukiwaka. Kijana alisahau resho wakati kuren ilipokatika, nayo iliporudi hakukuwa na mtu nyumbani. Kesi inaishia hapo. Mwenye nyumba anahesabiwa kati ya wahanga, anaondoa mabati yaliyoungua, anajenga upya, na baada ya miezi michache komisioneri anamletea lokateri wengine.

Lipo swali la pili, na hilo haliulizwi. Kwa nini moto wa chumba kimoja ulikula vyumba kumi? Na kwa nini waliokuwa ndani hawakuweza kutoka? Swali la kwanza ni la yule aliyewasha. Hili la pili ni la mwenye nyumba.

Wengi bado wanafikiri kwamba moto ni shida ya nyumba za mbao peke yake, zile zilizobanana kwenye milima ya Kadutu au juu ya mawe ya volkano huko Goma. Ni kweli kwamba mbao huwaka haraka, na gari la wazimamoto haliwezi kupanda kwenye vijia ambamo hata watu wawili hupishana kwa shida. Lakini tangu miaka kadhaa miji yetu imeota nyumba za gorofa. Ibanda kule Bukavu, Himbi na Katindo kule Goma, parseli iliyokuwa na nyumba moja na bustani leo ina jengo la gorofa tatu au nne, na kila gorofa ina familia mbili, tatu. Ukuta ni wa tofali na sima, kwa hiyo lokateri anajiona salama. Hajiulizi atapita wapi siku ambayo ngazi itajaa moshi.

Jengo kama hilo lina ngazi moja. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa ukutani, kwa sababu ya wezi. Saa tatu za usiku geti linafungwa kwa kufuli, na ufunguo anabaki nao sentineli, ambaye pengine analala kwenye kibanda au ameenda kunywa chai. Chini, upande wa barabara, mwenye nyumba amepangisha duka: magodoro, rangi, chupa za gazi, au bidoni za petroli za wale wauzaji tunaowaita kadhafi. Juu ya duka hilo watoto wanalala.

Moto ukianzia chini, moshi unapanda kwa ngazi kama kwa bomba la jiko. Ni moshi unaoua wengi kabla ndimi za moto hazijawafikia. Yule anayeamka anakimbilia ngazi, anarudi, anakimbilia dirisha, anakuta nondo. Nondo zilizowekwa ili mwizi asiingie zinamzuia mwenye chumba asitoke. Usalama dhidi ya wezi si jambo la kuchezea katika miji hii, kila mtu anajua. Lakini mchomeleaji yeyote anaweza kutengeneza nondo zenye kipande kinachofunguka kwa ndani, chenye bawaba na komeo. Aliyeamua zichomelewe moja kwa moja hakuwa lokateri.

Kuna pia nyaya. Nyumba nyingi ziliwekewa umeme wakati wa familia moja, taa nne na redio. Baadaye mwenye nyumba akaigawa vyumba, akavuta waya kutoka chumba hadi chumba, akafunga maungio kwa kipande cha saketi ya plastiki. Mita ni moja, familia ni sita. Hesabu yake haihitaji injinia. Resho moja ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 220 inavuta ampea 9 hivi. Familia tatu zikipika kwa wakati mmoja kwenye waya uleule, ni ampea 27. Waya wa milimita 2,5 unaotumika kwa priza kwa kawaida hulindwa na disjonkteri ya ampea 16 au 20. Disjonkteri nzuri itakata umeme, na lokateri watalalamika. Hapo fundi wa mtaani anaitwa, anaweka disjonkteri kubwa zaidi, au anaunganisha moja kwa moja na kipande cha shaba. Malalamiko yanaisha. Tangu siku hiyo waya unapata moto ndani ya ukuta au juu ya dari, na hakuna kitu tena cha kuuzuia.

Ukatikaji wa umeme unaongeza hatari. Kuren ikienda, watu wanasahau kuzima pasi na resho. Ikirudi usiku wa manane, mara nyingine inarudi kwa nguvu isiyo ya kawaida. Lawama huenda kwa SNEL, na mara nyingine ni haki. Lakini wajibu wa shirika la umeme unaishia kwenye mita. Kutoka mita kuingia ndani, ni nyumba ya mwenye nyumba.

Je, sheria inasema nini? Haijanyamaza kama wengi wanavyodhani. Kitabu cha tatu cha Sheria ya raia, kilichotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuirekebisha. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba mtu anajibu pia kwa hasara inayotokana na vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Kifungu cha 262 kinamtaja mwenye jengo waziwazi: jengo likianguka kwa kukosa kutunzwa au kwa kasoro ya ujenzi, yeye ndiye anayejibu. Na katika mkataba wa kupangisha, mwenye nyumba ana deni la kutoa nyumba inayofaa kwa kazi iliyopangishiwa na kuitunza ibaki hivyo. Nyumba ya kuishi ambayo haina njia ya kutokea wakati wa hatari haifai kuishi.

Juu ya hayo, tangu mwaka 1974 nchi ina sheria inayolazimisha bima ya moto kwa baadhi ya majengo, na sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko ambalo SONAS ilikuwa imelishika peke yake. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangishaji usio wa biashara iliweka mpaka wa garanti: miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Kila mpangaji anajua jinsi mpaka huo unavyorukwa. Mwenye nyumba anayeomba garanti ya miezi sita kwa kuogopa rangi ya ukuta kuharibika, mara nyingi hajaweka hata ndoo ya mchanga chini ya ngazi.

Wapo watakaosema kwamba kama moto uliwashwa na lokateri, basi mwenye nyumba hana kosa. Yaliyotokea Johannesburg yanajibu vizuri. Usiku wa tarehe 31 Agosti 2023 jengo moja la gorofa tano katikati ya mji huo liliungua, na watu wasiopungua 76 wakafa, wengi wao wageni waliotoka nchi nyingine za Afrika kutafuta maisha. Kati ya waliojaribu kukimbia, wapo waliokuta geti limefungwa. Mtu mmoja alijitokeza mbele ya tume ya uchunguzi akasema ni yeye aliyewasha. Kama ni swali la nani aliwasha, kazi ya tume ingeishia pale. Haikuishia. Katika ripoti yake ya mwaka 2024, tume iliona kwamba mwenye jengo, ambaye ni mji wenyewe wa Johannesburg, naye anabeba lawama, kwa sababu aliacha watu waishi ndani ya jengo lisilofuata kanuni za usalama. Kosa la aliyewasha halikufuta kosa la mwenye jengo.

Wenye nyumba nao wana lao la kusema, na haki inataka wasikilizwe. Wengi wao si matajiri. Ni mjane aliyeachiwa vyumba vinne na marehemu mumewe, ni mwalimu asiyelipwa kwa wakati, ni familia inayosomesha watoto kwa pesa ya nyumba. Lokateri wanachelewa kulipa, tena zaidi tangu vita vilipofunga mabenki mijini mwetu mwanzoni mwa mwaka 2025. Wapo lokateri wanaovuta umeme kwa siri, wanaohifadhi petroli chini ya kitanda, wanaokataa kulipa fundi. Lokateri wa aina hiyo naye ajibu kwa sehemu yake.

Lakini mengi yanayookoa maisha hayagharimu kama gorofa mpya. Ufunguo wa pili wa geti, unaotundikwa ndani mahali ambapo kila mpangaji anapajua, ni kazi ya fundi kufuli ya dakika chache. Kipande cha nondo kinachofunguka katika kila chumba ni kazi ya siku moja. Mchanga hauuzwi kwa dola. Kizimamoto kimoja kwa kila gorofa kinaweza kununuliwa kwa sehemu ya garanti ya lokateri mmoja tu. Disjonkteri ya kila familia na waya unaolingana nayo ni gharama kubwa kidogo, lakini ni ndogo kuliko kujenga upya. Na kukataa kupangisha duka la petroli chini ya vyumba vya kulala hakugharimu kitu. Kunapunguza faida tu.

Lokateri naye ana nguvu ambayo haitumii. Siku ya kuona nyumba, anauliza maji, choo na bei. Aulize pia: disjonkteri iko wapi? Ufunguo wa usiku uko kwa nani? Dirisha hili linafunguka? Majibu yaandikwe kwenye mkataba, pamoja na hali ya nyumba, kabla garanti haijatoka mfukoni. Komisioneri anayechukua pesa kwa kuonyesha chumba aone haya kuonyesha chumba ambacho yeye mwenyewe asingemlaza mtoto wake.

Na viongozi? Nyumbakumi anajua kila parseli na kila familia. Shefu wa kartie anajua nani ana duka la mafuta. Ofisi inayokusanya ushuru wa mapato ya nyumba, ule unaoitwa IRL, inamjua mwenye nyumba kwa jina na kwa idadi ya vyumba. Ofisi inayojua kuhesabu vyumba ili itoze, inaweza pia kuhesabu milango ya kutokea. Ziara moja ya kila jengo la kupanga kabla ya Juni, pamoja na fundi umeme, ingefanya kazi kubwa kuliko rambirambi zote za Agosti. Ushuru unaotozwa bila ukaguzi unamwambia mwenye nyumba kwamba serikali inataka pesa yake tu.

Kuna atakayesema kwamba huu si wakati, kwamba Goma na Bukavu zimebadilisha mikono, kwamba hakuna anayejua leo mlango wa kugonga. Kweli utawala umebadilika. Mkataba kati ya mwenye nyumba na mpangaji wake haukubadilika. Kila mwezi pesa ya nyumba inaombwa, na kila mwezi inapokelewa. Hakuna mwenye nyumba aliyesimamisha kuipokea akingoja vita viishe. Basi na wajibu unaokwenda pamoja na pesa hiyo usisimamishwe.

Kiangazi kitarudi, kuren itakatika na kurudi, na mahali fulani mtu mchovu atasahau kitu jikoni. Hilo halizuiliki kabisa, kwa sababu binadamu husahau. Kinachoweza kupangwa leo, mchana, kwa utulivu, ni kama usiku huo familia ya gorofa ya tatu itakuta geti linafunguka. Anayepaswa kulipanga anajulikana: ni yule ambaye jina lake liko juu ya risiti.