Picha Si Ile Ile

"Picha ni ile ile, mzee." Nimechoka na maneno haya. Nimeyasikia Sokoni, nimeyasikia Magomeni, nimeyasikia Mikindani kwa kijana aliyekuwa akinihamishia muvi kwenye flashi, na kila nikiyasikia damu inanichemka. Si ile ile! Anayetuambia hivyo anatuuzia nusu ya kitu kwa bei ya kitu kizima. Sisi wa Mtwara tuna jina la biashara ya namna hiyo. Mkulima wa korosho anayepimiwa kwa bakuli badala ya mizani analijua: ni kangomba. Picha tunazouziwa ni kangomba.

Ushahidi wangu ni picha moja ya kijasusi ya Uingereza, The Ipcress File, ya mwaka 1965. Aliiongoza Sidney J. Furie kutokana na riwaya ya Len Deighton, na stelingi ni Michael Caine, akicheza kama Harry Palmer. Mtayarishaji wake, Harry Saltzman, ni mmoja wa wale wawili waliotuletea James Bond, lakini Palmer si Bond hata kidogo. Palmer anavaa miwani. Anasaga kahawa yake mwenyewe, anapika, anafuatilia nyongeza ya mshahara, anajaza fomu. Wanasayansi wa Uingereza wanatekwa, na anayerudishwa anarudi akili haifanyi kazi tena. Palmer anatakiwa ajue kwa nini, huku mabosi wake wawili wakimrusha kama mpira. Picha hii ilipata tuzo ya BAFTA ya filamu bora ya Uingereza. Kwangu mimi ndiyo picha bora ya kijasusi iliyopata kutengenezwa, na nimeigombania na marafiki tangu ujana.

Lakini sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeitazama zaidi ya mara kumi bila kuiona.

Nakala yangu ya kwanza ilikuwa kanda ya VHS aliyokuja nayo mjomba kutoka Dar es Salaam, kanda iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine, nayo ilirekodiwa kutoka nyingine. Kuna mahali Palmer anapata kipande cha utepe wa kurekodia sauti kilichoandikwa IPCRESS. Wanakiweka kwenye mashine, hakisemi neno, kinatoa makelele tu, na makelele yale ndiyo siri yote ya hadithi. Kwenye kanda ya mjomba sikuweza kujua makelele ya utepe yanaanzia wapi na makelele ya kanda mbovu yanaishia wapi. Nakala ya pili ilikuwa DVD ya kuchomwa yenye muvi chungu nzima ndani ya sahani moja, nyuso zote zimetanuka kama matikiti. Ya tatu ni ya flashi, na hiyo nitaisimulia.

Ya nne aliniletea binamu yangu anayeishi London: sahani halali, picha pana. Usiku ule niliketi peke yangu sebuleni, na baada ya dakika kumi nikasimamisha mashine nikashika kichwa. Kulikuwa na watu ambao sikuwahi kujua wamo.

Nieleze kilichotokea, maana wengi hatukuelezwa. Picha hii ilipigwa kwa mtindo wa Techniscope, ule ule aliotumia Sergio Leone kwenye zile picha zake za kauboi tulizozipenda. Kila fremu ilichukua matundu mawili ya mkanda badala ya manne, kwa hiyo mkanda ulitumika nusu, na umbo lililopatikana ni pana: ikiwa kimo ni sentimita 100, upana ni sentimita 235. Televisheni za zamani zilikuwa karibu mraba. Kwa kimo hicho hicho upana wake ni sentimita 133 tu. Basi waliotengeneza kanda za kutazamia nyumbani walifanya nini? Walikata. Sentimita 102 zilitupwa. Zaidi ya asilimia 40 ya picha ilibaki chini ya meza ya mkataji, na kanda ikauzwa kwa jina lile lile.

Chukua kanga mpya, kata pindo za pande mbili, bakiza mji wa katikati, halafu mpelekee mama yako umwambie ni kanga ile ile. Thubutu!

Na Furie si mtu wa kuweka mambo yake katikati. Yeye na mpigapicha wake, Otto Heller, walichungulia. Kamera inakaa nyuma ya taa ya mezani, taa imejaa mbele, na mtu anayezungumza yuko pembeni kabisa, mdogo. Inakaa nyuma ya bega la mtu, inalala sakafuni, inaangalia watu wakipigana kupitia vioo vya kibanda cha simu. Mtazamaji anafanywa jasusi: anachungulia, haoni vizuri, hajui nani anamwona. Hiyo ndiyo kazi ya pembe za picha hii. Ukikata pembe, taa inabaki na mtu anaondoka. Miaka yote ile nilikuwa natazama taa.

Sasa flashi. Mapema kwenye picha Palmer anaamka hana miwani. Chumba chote ni ukungu, rangi zinaogelea, mpaka mkono unapapasa miwani, anaivaa, na dunia inakaa sawa. Nilimpelekea fundi mmoja ile DVD ya kuchomwa anihamishie. Akaiweka kwenye kompyuta, akaona ukungu. "Mzee, hii sidii imekufa mwanzoni," akasema, akasogeza mbele mpaka mahali panapoonekana safi, ndipo akaanza kunakili. Nilipofika nyumbani nikakuta muvi inaanza Palmer akiwa tayari na miwani usoni. Kijana hakuwa mwizi. Alinionea huruma, alitaka kuniondolea ubovu! Ndivyo hali ilivyo: tumezoea ubovu kiasi kwamba ufundi nao tunauona ni ubovu.

Hata nakala halali hazilingani, na anayenunua ana haki ya kujua. DVD za Uingereza zilifuata mfumo wa PAL, ambao ndio uliokuwa wetu pia. Filamu hupigwa fremu 24 kwa sekunde, PAL inapiga 25. Picha ya dakika 109 inakwisha kabla ya dakika 105. Hakuna kilichokatwa, ila kila kitu kinakimbia kidogo, na muziki unapanda karibu nusu sauti. Kwa picha nyingine ningenyamaza. Kwa hii siwezi, kwa sababu John Barry aliijengea muziki juu ya cimbalom, ala ya nyuzi inayogongwa kwa vijiti, ndugu wa mbali wa kanuni yetu ya taarab. Anayejua taarab anajua kanuni ikipandishwa nusu sauti huzuni yake inapungua. Sahani za Blu-ray zimerudisha mwendo wa asili. Kwangu hizo ndizo za daraja la kwanza. Sahani ya Anchor Bay iliyotoka Marekani mwaka 1999 nayo ina jambo ambalo nitalirudia: sauti ya pili, Furie na mhariri wake Peter Hunt wakizungumza juu ya picha inapokwenda.

Kuna watakaosema: mambo ya ofisi za London yanatuhusu nini sisi wa mdomo wa Ruvuma? Yanatuhusu kuliko watu wa Dar. Bandari hii ya Mtwara, na reli iliyokuwa inakwenda Nachingwea, vilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioamuliwa London. Ulianza 1947, ukafa 1951, ukateketeza karibu pauni milioni 36. Reli iling'olewa, bandari ikabaki. Watu waliokaa ofisini, wakajaza fomu, wakapitisha saini, ndio waliochora mji wetu. The Ipcress File ni picha kuhusu watu hao: korido baridi, dawati kubwa, bosi anayetazama dirishani wakati maisha ya mtu yanaamuliwa kwa karatasi. Furie amempiga picha bosi yule kwa upana wote ili tuone ofisi ilivyo kubwa na mtu alivyo mdogo. Mtu wa Mtwara ana haki ya kuiona ofisi hiyo nzima.

Adui mkubwa wa picha pana, hata hivyo, ni sisi wateja wenyewe. Tunaona mistari myeusi juu na chini tunapiga kelele: "TV yangu inaliwa!" Fundi anabonyeza zoom, kioo kinajaa, tunaridhika. Ndugu zangu, mistari ile haifichi kitu. Ni nafasi tupu, kama ukuta unaozunguka fremu ya picha ya harusi. Siku kioo kilipojaa ndiyo siku mlipoibiwa.

Na wizi huo umeshawafikia watu wetu. Filamu za Bongo za miaka ya 2000 zilirekodiwa kwa umbo la karibu mraba. Leo zinachezwa kwenye televisheni bapa na vibanda umiza, zimevutwa pembeni mpaka zijae. Steven Kanumba alifariki Aprili 2012. Watoto waliozaliwa baada ya hapo wanamjua kwa uso uliotanuka, mabega ya mbeba mizigo, gari lake limekuwa refu kama basi. Hivyo sivyo alivyokuwa! Na Harusi ya Mariamu ya mwaka 1985, moja ya filamu muhimu za nchi hii, sijawahi kukutana nayo katika duka lolote la hapa, iwe pana, iwe mraba, iwe imekatwa.

Na wale wasimuliaji wanaozitia muvi za kigeni Kiswahili? Msinielewe vibaya kuhusu wao. Lufufu alikuwa bingwa. Aliingia kwenye muvi ya watu wengine akatutolea hadithi ya Kiswahili yenye mizaha, methali na mawaidha yake. DJ Afro wa Kenya vivyo hivyo. Asiyejua Kiingereza cha London hatapata kitu kwa Michael Caine bila mtu kama huyo, na sitaki kusikia mtu akiwadharau. Ninachopinga ni kuzika sauti ya asili chini yao moja kwa moja, na cimbalom ya John Barry ikazikwa nayo. Kumbukeni ile sahani ya 1999: maneno ya Furie yako kwenye njia yake, unayawasha kwa rimoti na kuyazima kwa rimoti. Faili moja la muvi linabeba sauti mbili bila shida. Wekeni ya msimuliaji na ya asili, mteja achague. Hakuna fundi wa Mtwara asiyeweza kazi hiyo. Hajaombwa tu.

Serikali nayo ina sheria ya filamu tangu 1976, ina Bodi ya Filamu, na mwaka 2013 ilileta stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki. Wanauliza kodi imelipwa? Wanauliza kuna uchafu ndani? Hakuna anayeuliza kama picha ni nzima. Korosho ghalani inapangwa madaraja, na mnunuzi anajua anachonunua kabla hajatoa bei. Nataka hivyo kwenye kila sahani na kila faili, maneno machache tu: pana au imekatwa, imevutwa au haikuvutwa, sauti ya asili ipo au haipo, inachukua dakika ngapi. Anayeuza iliyokatwa aiuze kwa bei ya iliyokatwa.

Wala tusijidanganye kwamba nakala nzuri zitatungoja. Kampuni ya Network ya Uingereza, iliyotoa upya picha nyingi za zamani za nchi ile, hii ikiwamo, ilifungwa mwaka 2023. Sahani zake zilizopo ndizo hizo.

Basi ukienda dukani wiki hii, kabla hujatoa flashi mfukoni, muulize muuzaji: hii ni pana au imekatwa? Akikujibu kwamba picha ni ile ile, rudisha flashi mfukoni, na hela yako pia.