Jinja na Mbale: Kiswahili chamtafutia kazi katibu muhtasi

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo, barua nyingi za ofisi mjini Jinja na Mbale huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili huja kwa simu: dereva amekwama Malaba, wakala wa forodha Busia anataka ankara irekebishwe upesi. Hapo ndipo katibu muhtasi anayeanza kazi huonekana ana faida. Lakini Kiswahili cha sokoni, ambacho wengi Uganda wamezoea kukihusisha na askari, hakitoshi kumwandikia mteja wa Mombasa barua ya kumdai. Anayekwenda kwenye usaili abebe barua ya namna hiyo, aliyoiandika mwenyewe.