Kama ilikuwa siasa tu, mbona waliikataa Uasin Gishu?

Hapa Katito, mazungumzo ya unabii baada ya ibada hayakosi mtu wa kusema kwamba kurejeshwa kwa Wayahudi katika nchi ya Israeli ni siasa ya Wazungu iliyovishwa aya za Biblia. Ushahidi wake ni wa nyumbani: mwaka 1903 Uingereza iliwapendekezea Wayahudi makao Uasin Gishu, nyuma ya milima ya Nandi tunayoiona ng'ambo ya Kano. Kama ni unabii, anauliza, ilikuwaje wakakaribia kuwa Wakenya?

Swali hilo lina uzito. Waziri wa Makoloni, Joseph Chamberlain, alitaka walowezi kando ya reli mpya iliyofika Kisumu mwaka 1901. Theodor Herzl mwenyewe, kiongozi wa Wazayuni, ndiye aliyelifikisha pendekezo kwenye mkutano wao wa Basel, na kwa kura 295 dhidi ya 178 ikaamuliwa wapelelezi watumwe. Wenye ardhi hawakuulizwa, na hilo silitetei.

Lakini tufuate tarehe. Kwanza, waliopinga vikali walikuwa wajumbe wa Urusi, wakiwemo wa Kishinev, ambako Wayahudi walikuwa wamechinjwa Aprili ya mwaka huohuo wa 1903. Nani alihitaji kimbilio kuliko hao? Walitoka ukumbini, wengine wakaketi sakafuni wakilia kama waombolezavyo kubomolewa kwa Hekalu. Pili, husemwa kuwa ripoti ya wapelelezi ndiyo iliyowakatisha tamaa. Ingawa ripoti ilikuwa mbaya kweli, ilitoka 1905. Kilio kilikuwa 1903. Pendekezo lilipokataliwa hatimaye, waliokuwa radhi na ardhi yoyote walijitenga wakiongozwa na Israel Zangwill, wakabaki wachache.

Sidai kwamba kura zinathibitisha unabii. Wajumbe wengi hata hawakuwa watu wa dini. Nasema siasa peke yake ingeichukua Uasin Gishu. Kilichowazuia ni tumaini waliloliombea mababu zao karne nyingi, na tumaini hilo lilikuwa na mahali pake.

Wapo pia wasemao ahadi zilikwisha timia watu waliporudi kutoka Babeli. Kwa sehemu, ndiyo. Ila Zekaria alitabiri baada ya kurudi huko, na katika sura ya 8 Mungu bado anaahidi kuwaokoa watu wake kutoka mashariki na magharibi.

Tena, anayeushika unabii aushike wote. Ezekieli yuleyule wa mifupa mikavu anaagiza, katika sura ya 47, kwamba wageni wakaao kati ya Israeli wagawiwe urithi pamoja nao, kila mmoja katika kabila anamokaa.